Goti la Nduwayo

Dawa ilikuwa ndani ya kikopo cha bati, vile vya mafuta ya kujipaka, na Mukagasana aliiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Ya goti la kushoto," alisema. "Mvua ikinyesha linavimba. Mkande kwanza na maji ya moto, ndipo umpake. Ukianza kupaka, haisaidii."

Pudentienne alisema asante, mama. Alimpa kiti, akamuuliza habari za duka, akamsindikiza mpaka pale kijia kinapokutana na barabara inayoshuka Nyabugogo. Alifanya yote ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri humfanyia mgeni. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akikitazama kile kikopo.

Alikuwa ameolewa na Nduwayo mwaka mzima na miezi juu yake. Alijua kovu lililo nyuma ya sikio lake. Alijua kwamba hali maharage yaliyolala, kwamba hulala uso ukiangalia ukuta, kwamba akiota huongea Kirundi na si Kiswahili. Soksi zake za mpira alizifua kwa mkono wake mwenyewe, ndani nje. Lakini goti hakulijua. Habari ya goti hakuna aliyempa.

Mtu yeyote wa Gatsata, mtaa wa magereji wa Kigali, mwaka ule wa tisini na mbili angekwambia Nduwayo ni nani. Alikuwa mshambuliaji wa Inkuba, timu ya wenye magereji, na hao wenye magereji ndio waliomtoa Bujumbura, wakampa mshahara wa mwezi na chumba nyuma ya gereji ya Gratien, rais wa timu. Pudentienne naye alikulia Bujumbura, mtaa uleule wa Buyenzi alikotoka Nduwayo, kwa kuwa baba yake, mzee Nsengiyumva, aliuza vitambaa kule miaka mingi kabla ya kurudi na kujenga Kicukiro. Ndiyo maana chumbani mwao walizungumza Kiswahili, hata majirani wakawaita Waswahili, yaani Waislamu, ingawa wote wawili walikwenda misa.

Na Mukagasana alikuwa mjane, muuza vipuri vilivyokwisha tumika, mkuu wa wanawake washangiliaji. Mwanamke mrefu, mwenye meno mazuri, na alijua kwamba ni mazuri. Nduwayo akifunga bao, yeye alishuka mpaka kwenye mstari wa chaki, na yule mwanamume, mbele ya uwanja mzima, aliinamisha kichwa apanguswe jasho kwa ncha ya kitenge. Alimwita mwanangu, na hakuna aliyeuliza alimzaa akiwa darasa la ngapi. Pudentienne aliliona jambo hilo mara moja, kwenye uwanja wa Amahoro, akiwa amekaa kwenye saruji na mwavuli wake. Hakurudi tena uwanjani. Alisema jua linampa kichwa.

Jioni ile hakumuuliza mumewe kitu. Si mtu wa kuuliza, ni mtu wa kutazama. Alimtazama akipanda kitandani, akaona kwamba anatanguliza mguu wa kulia, kisha anauvuta wa kushoto kwa mikono miwili kama anayevuta mzigo wa mtu mwingine. Alifanya hivyo kila siku. Pudentienne alidhani ni mazoea tu, kama wengine wanavyopiga miayo.

Nduwayo akakiona kikopo. "Hiki kimetoka wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Alikichukua, akakisukuma chini ya kitanda, akageukia ukuta. Laiti angesema neno moja. Laiti angecheka. Pudentienne alibaki macho wazi, na wivu ukawa unamtambaa kifuani kama siafu waliopata tundu: wakishapita wa kwanza, waliobaki hawaulizi njia. Je, alimkanda yeye mwenyewe? Kwa maji ya nani? Goti haliwezi kujulikana kwa mbali. Goti linajulikana kwa kushikwa.

Ijumaa ya wiki ileile timu ilikuwa inaingia kambini. Walipangiwa nyumba ya wageni kule Remera, karibu na uwanja, na sheria ya Inkuba ilikuwa moja: ukishaingia kambini hutoki mpaka mechi, na pombe huigusi. Atakayevunja, komite inamngoja. Mechi ya Jumapili ilikuwa ya kumaliza ubishi wa siku nyingi, watu Gatsata hawakuwa na maneno mengine mdomoni.

Pudentienne aliichagua siku hiyohiyo. Nduwayo alipopanda gari la timu, naye alifunga nguo zake katika kitenge, akaacha ufunguo kwa jirani yake Uwase, mke wa golikipa, ambaye mdomo wake haukuwa na mfuniko. "Akiuliza," alimwambia, "sema nimekwenda kwetu na nguo zangu."

Hakuongeza, wala haikuhitajika. Wanyarwanda huita kwahukana. Mke akirudi kwao na nguo zake, mume hana budi kumfuata na pombe, akae mbele ya wakwe, aulizwe na ajibu, kisha wanywe wote kwa mrija mmoja ndipo apewe mke wake. Asipomfuata, basi yeye ndiye aliyeacha. Pudentienne alitaka kuona mguu ule wenye siri utafuata kipi, mpira au yeye.

Kicukiro mama yake alimpokea kwa furaha yenye mashaka. Baba yake alimwita kando ya migomba, akamuuliza kama amepigwa. Hapana, baba. Kama amenyimwa chakula. Hapana. Basi umekuja kufanya nini? Akasema amekuja kupumzika, na mzee Nsengiyumva akacheka mpaka akakohoa, akasema yeye amekaa sokoni miaka mingi, mteja anayesema anaangalia tu anamjua.

Jumamosi Uwase alipeleka kambini glovu alizosahau mumewe. Glovu na habari vikafika pamoja.

Mchana ulipopinda, Pudentienne alikuwa anamenya viazi vitamu, kigoda chake amekigeuzia barabara. Moyo wake ulikuwa umegawanyika. Nusu ilisema hatakuja, na utajua. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu kila kichwa kinachochomoza mteremkoni. Kisha kikachomoza kimoja kirefu kuliko vingine, kwa sababu juu yake palikuwa na jerikani.

Alikuwa Nduwayo, amevaa suti ya michezo ya timu, jina la Inkuba limeandikwa mgongoni kwa herufi ambazo hata asiyesoma anazitambua, na kichwani amebeba jerikani la urwagwa, pombe ya ndizi, alilonunua njiani. Watu wa sokoni walisimama. Mmoja akapiga mluzi, akauliza kama hiyo ndiyo mipira ya kesho. Mwingine akamwambia amsalimie kocha. Nduwayo hakugeuka. Alipanda kilima akiwa ameshikilia mzigo kwa mkono mmoja, na kila alipokanyaga mguu wa kushoto, bega lake lilishuka kidogo. Pudentienne aliliona bega lile likishuka mpaka mlangoni. Furaha ilimjaa hata kisu kikamkata kidole, asisikie.

Mzee Nsengiyumva hakufurahi upesi. Alitazama nyuma ya mkwe wake, akatazama tena barabarani, akauliza yuko wapi mtu wa kumsemea, maana mkwe haji kuomba mke kwa mdomo wake mwenyewe kama anayeomba kiberiti. Nduwayo akasema hana mtu. Wa kwao wako Bujumbura, na wa hapa wako kambini, nako ametoka kwa kuruka ukuta.

Mzee akafikiri. Kisha akaleta vigoda viwili, akaviweka vinatazamana.

"Sawa," alisema. "Hapa nitakaa mimi baba wa binti. Pale nitakaa mimi msemaji wako. Unilipe kama ninashinda."

Akaanza. Kwenye kigoda cha kwanza alikuwa mkali, akauliza ni kijana gani huyu anayeshindwa kumweka mke nyumbani kwa mwaka mmoja tu. Akainuka, akahamia cha pili, akalainisha sauti, akasema mzee wangu, kijana ni mgeni, miguu yake ni ya timu, lakini moyo wake uko hapa. Akarudi cha kwanza, akasema moyo haupiki wala haulimi. Mama mkwe alifunika mdomo kwa kanga. Hata Nduwayo alitabasamu akiwa ameinama, na Pudentienne, aliyekaa kwenye mkeka pembeni kama inavyotakiwa, akaona kwamba mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, hakuweza kuukunja.

Mwishowe mzee akamgeukia binti na kumwuliza kosa la mumewe.

"Hana kosa," alisema Pudentienne. "Nilitaka aje."

Mzee akawa hajui aende kukaa kigoda kipi.

Pombe ikamiminwa kwenye chungu, likabaki la kunywa. Nduwayo alieleza kwa adabu kwamba kesho ana mechi, akaomba agusishe midomo tu. Baba mkwe alimnyooshea mrija. Alimwambia kwamba pombe ya kumrudisha mke haiguswi, inavutwa, na anayeitema hii anamtema na mke wake. Nduwayo akamtazama Pudentienne. Angeweza kusema, baba, mwache. Mume wake alikuwa anamngoja aseme. Pudentienne akainamisha macho kwenye mkeka, akasubiri, mpaka akasikia mrija ukilia ndani ya chungu.

Walipomaliza jua limekwisha zama, saa za amri ya kutotembea usiku zimekaribia, na kwenye njia panda kulikuwa na askari wa kizuizi ambao hawakupenda karatasi za Kirundi. Nduwayo alilala pale. Kabla hakujakucha vizuri alikuwa ameondoka, na Pudentienne alibaki amelalia mahali alipokuwa amelala yeye. Amekuja, alikuwa anajiambia. Ameruka ukuta, akaja.

Kocha Cassien alikuwa amesimama langoni Remera. Harufu ya urwagwa haijifichi, na habari ya jerikani ilikuwa imefika kabla ya mwenye nalo. Nduwayo alikaa benchi dakika zote, Inkuba wakafungwa, na Jumatatu komite ikaketi. Walimuuliza ulitoka kambini? Nilitoka. Ulikwenda wapi? Mahali. Ulikunywa? Nilikunywa. Walimuuliza kwa upole, wakamuuliza kwa ukali, hakuongeza; hata Uwase alikuwa amemwapisha asiseme. Ni nani atasimama mbele ya wanaume wenzake aseme mke alimkimbia na akamfuata na jerikani kichwani? Wakamfungia hadi mwisho wa msimu kwa utovu wa nidhamu nje ya uwanja. Mshahara ukasimama. Gratien, kwa huruma, alimpa kazi ya kuosha vipuri kwa dizeli ili asipoteze chumba.

Pudentienne alizipata habari hizi kwa Uwase, siku aliporudi Gatsata na kapu la ndizi la mama yake. Alisikitika. Alisikitika kweli, akalia hata. Lakini machozi yalipokauka aliona kwamba chini yake kuna kitu kingine, nacho hakikuwa huzuni.

Maana sasa alikuwa naye. Saa sita mchana Nduwayo alitoka gereji na kuja kula nyumbani, mikono inanuka dizeli, anainusa na kukunja pua kama mtoto. Jumapili walikwenda misa na kurudi pamoja. Alitengeneza bawaba ya mlango. Alimfundisha Pudentienne kucheza kadi. Hakuna uwanja, hakuna mstari wa chaki, hakuna kitenge cha mtu. Wivu wake ulilala kama paka aliyeshiba.

Hata goti lilikuwa lake. Kila jioni alichemsha maji, akalikanda, kisha akapaka. Lakini ile dawa ya Mukagasana alikuwa ameikwangua yote na kuitupa chooni, akajaza kikopo samli ya ng'ombe aliyoletewa na mama. Nduwayo alisema dawa hii ina harufu ya kwao. Hakusema zaidi juu ya goti, naye Pudentienne hakumuuliza. Kulishika kulimtosha.

Jambo moja tu hakupenda kulitazama, naye alikuwa mtu wa kutazama. Ikifika saa ya mazoezi, popote alipokuwa, Nduwayo alinyamaza. Angekuwa ameshika kadi, angeziweka. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasikiliza filimbi ya Cassien ikitoka bondeni. Aliporudi kuketi uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshuka garini mahali pasipo pake. Pudentienne aliongeza moto chini ya maji.

Kisha Mukagasana akaja.

Safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni akisema haraka, maana dukani ameacha wateja. Alikuwa ameulizauliza. Alikwenda hadi soko la Kicukiro, akampata aliyeliona lile jerikani likipanda, nalo lilikuwa linapanda kwa mzee mmoja aliyerudi kutoka Bujumbura, mwenye binti aliyeolewa Gatsata.

"Ulikuwa umekwenda kwenu na nguo," alisema. "Ndiyo maana amefunga mdomo. Mwanaume mjinga. Komite wote pale wameoa, wakijua alikwenda kumrudisha mke watamwachia."

Pudentienne alisema huenda.

"Si huenda. Kesho nachukua wanawake wawili na chungu cha pombe, tunakwenda kumwomba baba yako aje aseme mwenyewe mbele ya komite. Nielekeze njia tu, pale sokoni nikishapita ninakunja wapi?"

Na pale, mlangoni, Pudentienne akaliona jambo zima kama linatendeka. Mukagasana kwenye mkeka wa mama yake. Chungu katikati. Baba yake anahama vigoda kwa ajili ya Mukagasana, anacheka mpaka anakohoa, na meno yale mazuri yanacheka naye. Mwanamke anaingia kwa baba yake na pombe kumwombea bwana ambaye si wake. Halafu Nduwayo anarudi uwanjani, na maisha yake yote, kila akivaa viatu, anajua ni nani aliyemrudisha. Yule paka akaamka, kucha zote nje.

"Usiende," alisema. "Nitasema mwenyewe."

Mukagasana alimtazama. "Utaweza, mdogo wangu? Wale wanaume wakicheka, wanacheka vibaya."

"Bwana ni wangu. Nitaweza."

Komite iliketi gerejini kwa Gratien, Jumamosi baada ya kazi, wengine kwenye mabenchi, wengine kwenye matairi, lori moja limeinuliwa juu ya magogo nyuma yao. Nduwayo aliitwa bila kuambiwa sababu. Alipomwona mke wake akiingia amevaa kitenge cha misa, akainuka nusu, kisha akaketi. Mukagasana alisimama karibu na mlango pamoja na wanawake wake.

Gratien alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye Kiswahili cha magereji. "Haya mama, sema," alimwambia. "Usiogope. Iko shida gani?"

Pudentienne alisimulia. Sauti ilianza chini, ikapanda. Alisema alikwenda kwao na nguo, siku ya kambi, kwa kusudi. Alisema mumewe alimfuata peke yake, bila msemaji, na pombe kichwani. Aliposema habari ya mrija, uso mmoja ulibadilika, na wa pili, na mzee mmoja kwenye tairi akanung'unika kwamba yeye alimfuata wake mara mbili, ya pili kulikuwa na mvua. Walicheka, lakini hawakucheka vibaya.

"Huyu mutu angekataa mrija," Gratien aliuliza, "ingekuwa namna gani?"

"Ningebaki kwetu."

Wakacheka tena. Nduwayo alikuwa anatazama sakafu, masikio yamemwiva, lakini mabega yameshuka kama aliyetuliwa mzigo. Jambo lilikuwa limekwisha. Pudentienne angeweza kutoka.

Gratien aliuliza moja tu, la kufunga. "Na weye ulikimbia nini? Alikupiga?"

Hapo ndipo angesema ni mambo ya nyumbani, na wote wangeelewa. Lakini Mukagasana alikuwa mlangoni, amekunja mikono, anatabasamu na kutikisa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu vizuri. Pudentienne aliliona tabasamu lile. Akataka asikie, yeye hasa, na mbele za watu.

"Nilikimbia goti," alisema. "Mwanamke mwingine alikuja nyumbani kunifundisha goti la bwana wangu. Linavimba wakati gani, linakandwa vipi, linapakwa nini. Mimi ninalala naye, sikujua. Ninyi wa timu mlijua wote, mimi tu sikujua."

Alingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, na katika kila uso aliona mtu anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Mlangoni Mukagasana alikuwa amefumba macho.

"Goti gani?" Cassien aliuliza.

Kocha aliinuka, akaenda kuchuchumaa mbele ya Nduwayo, akapandisha suruali yake ya kazi mpaka juu. Alibonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani. Mkono wa Nduwayo ukashika ukingo wa benchi. Cassien akabonyeza tena, chini kidogo. Kisha akateremsha suruali polepole, akaisawazisha, kama anayefunika mtu aliyelala.

Waliongea muda mfupi tu. Gratien alitangaza kwamba kufungiwa kumeondolewa, mambo ya mke na mume si utovu wa nidhamu, alipe kreti moja ya bia kwa kuruka ukuta na yaishe. Wakapiga makofi. Kisha Cassien, bila kupandisha sauti, akasema hatamchezesha. Goti kama lile amewahi kuliona kwa wengine. Siku moja litamwacha katikati ya uwanja na hatainuka nalo. Aende hospitali kwanza, na habari za mwaka ujao zitazungumzwa mwaka ujao. Kila aliyekuwa pale alijua maana yake. Timu haiweki chumba kwa mtu wa mwaka ujao.

Nje, kwenye mchanga mweusi wa oili, Mukagasana alimshika Pudentienne mkono.

"Alianguka dukani kwangu, akiinua gia boksi," alisema. "Ndivyo nilivyojua. Hakuniambia, aliangukia mbele yangu. Akaniapisha nisimwambie yeyote, kocha akijua basi. Nimeficha tangu Krismasi."

"Mimi uliniambia."

"Weye si mke wake? Nilichoka kulijua peke yangu."

Pudentienne alimtazama yale macho, yale meno, akatafuta uongo. Alimwamini nusu. Nusu nyingine aliiweka, hakuwa tayari kuitoa.

Walipanda kijia wakiwa wawili, mume mbele, mke nyuma. Sasa hakuficha tena, alichechemea wazi, na kumwona hivyo kulikuwa kubaya kuliko matusi. Karibu na mlango alisimama bila kugeuka.

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia," alisema Pudentienne.

Alifungua mlango. Bawaba aliyoitengeneza haikulia. Jioni ile Pudentienne alichemsha maji, akayaleta, akayaweka chini. Nduwayo aliyatazama mpaka yakapoa.

Jumapili Inkuba walicheza Gisenyi. Mafuta yalikuwa haba na barabara ile ilikuwa na vizuizi vingi, kwa hiyo gari lilichukua wachezaji tu, na Gatsata nzima ikakusanyika dukani kwa Mukagasana, kwenye redio. Nduwayo alivaa shati safi. Mke wake akamuuliza anakwenda wapi, ingawa alijua.

"Kwa Mukagasana, kusikiliza mechi," alijibu. Alisimama kidogo, mkono kwenye mlango. "Unakuja au unabaki?"

Lilikuwa neno la kwanza la maana tangu jana. Pudentienne alifunga kitambaa kichwani, akaja.

Duka lilijaa mafundi, wengine wamekaa juu ya injini. Walimpisha Nduwayo kwenye benchi lililo karibu na redio, na mwisho wa benchi hilo alikuwa Mukagasana. Pakabaki nafasi ya mtu mmoja, ndogo. Pudentienne hakusalimia kwanza. Alipita mbele ya magoti ya watu, akajibana akakaa katikati yao, nyonga yake upande mmoja inagusa ya mumewe na upande wa pili inagusa ya yule mjane, na hakuomba radhi.

Mtangazaji alikuwa anataja majina. Alipofika kwa mshambuliaji akataja kijana mwingine, na watu wote wakakaza macho kwenye redio ili wasimwangalie Nduwayo. Yeye alinyoosha mguu wa kushoto, akakosa pa kuuweka. Mukagasana, bila kuulizwa, akainama kuvuta boksi tupu la vipuri, akalisogeza mbele, pale hasa mguu ulipotaka.

Pudentienne akalisukuma boksi kwa kisigino chake. Akainua ule mguu kwa mikono miwili, kiatu na vumbi lake, akaugeuza taratibu na kuulaza mapajani mwake, juu ya kitenge cha misa, mbele ya mafundi wote. Mtu mmoja akakohoa. Nduwayo akataka kuuondoa, naye akaushikilia.

"Kaa," alimwambia kwa sauti ndogo. "Sikiliza mpira wako."

Viganja vyake vilikuwa juu ya goti, kimoja huku na kingine huku, limejaa joto kama mkate. Hakusikia ni nani aliyefunga. Alikuwa anatazama kwa pembe ya jicho mikono ya Mukagasana, aone kama imetulia.